Ukisema Amu, Nimeshajua Utokako

Mtu akiniambia "naenda Lamu", bado sijajua lolote kumhusu. Huenda ni daktari aliyehamishwa kikazi, huenda ni mtalii, dereva wa lori la saruji, au mwanafunzi wa Nairobi aliyeona picha za majahazi mtandaoni akaanza kuweka akiba. Akisema "naenda Amu", mengi yamekwisha kusemwa. Huyo ana nyumba kule, au ana mama, au ana kaburi la kuzuru. Imeanguka herufi moja tu mbele ya neno, na tayari tumekaa baraza moja.

Mimi ni Muamu wa Langoni, lakini riziki yangu iko Malindi. Nina duka dogo la saiba: kompyuta chache, mashine ya kutoa kopi, na benchi ambalo tangu asubuhi halikai tupu. Watu huja niwajazie fomu za cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya udereva, mkopo wa chuo, cheti cha tabia njema. Kutwa nzima kazi yangu ni kuuliza watu walikozaliwa na wanakoishi. Na jibu linalotoka kinywani mara nyingi silo linalotakiwa na kompyuta. Kompyuta ina orodha yake: kaunti, kaunti ndogo, lokesheni. Mtu naye ana orodha yake nyengine. Nimekaa katikati ya orodha hizo mbili muda wa kutosha kujua kwamba mji mmoja huwa na majina kadhaa, na kila jina lina wenyewe. Wengine wakilitamka ni kama wameingia msikitini na viatu.

Amu ni mji. Ukilinyoosha jina kidogo ni kisiwa kizima, pamoja na Shela, Matondoni na Kipungani, ingawa watu wa vijiji hivyo nao wana la kusema. Lamu ni kitu kikubwa zaidi. Lamu ni kaunti yenye maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi. Ndani yake mna Witu, Mpeketoni, Hindi na msitu wa Boni, sehemu ambazo bibi yangu hakuwahi kuzikanyaga. Lamu ni bandari pia, ile ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na bandari hiyo haiko Amu hata kidogo. Iko Kililana, ng'ambo. Mtu wa Amu huyatenganisha haya bila kufikiri: Amu akizungumzia kwao, Lamu akizungumzia serikali. Atakwambia amezaliwa Amu na ameajiriwa na Kaunti ya Lamu, kwa pumzi moja, wala haoni kama amebadilisha kitu.

Tofauti hiyo imewahi kutugharimu. Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa na watu wengi wakauawa, taarifa zilisema Lamu. Zilisema kweli. Mpeketoni ni Lamu, na waliouawa ni watu wetu. Lakini msikilizaji wa mbali aliyeijua Lamu moja tu, ile ya picha za majahazi, alidhani damu imemwagika Mkunguni, mbele ya ngome. Hoteli za kisiwani zikabaki na wahudumu peke yao. Amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa kaunti nzima, na wavuvi wa visiwani, ambao usiku ndio shamba lao, wakakatazwa kuingia baharini. Simu zilizopigwa nyumbani kwetu siku hizo ziliuliza swali moja, na mama yangu alijibu vile vile kila mara: "Amu kumetulia, mwanangu. Ni Lamu kusikotulia." Aliyekuwa kwenye simu, akiwa wa kwetu, alielewa. Akiwa mgeni, aliuliza tena.

Hata hilo jina Muamu, ambalo mimi najivunia, lina mipaka mikali kwa walio karibu. Mtu wa Kizingitini akija Amu kununua bidhaa au kumleta mgonjwa hospitali, atasema amekwenda Amu na amerudi. Ukimwita Muamu atakurekebisha hapo hapo. Yeye ni Mbajuni wa Kizingitini. Wa Siyu ni Msiyu, wa Pate ni Mpate, na miji hiyo mitatu iko kwenye kisiwa kimoja. Wote hao wakifika Malindi au Mombasa huwa watu wa Lamu, basi. Wakifika Nairobi huwa watu wa Pwani, na vijana wa huko watawaita watu wa Kosto, jina ambalo sijamsikia hata mtu mmoja wa Pwani akijiita akiwa nyumbani kwake. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo jina linavyowakusanya wengi na kuwajua kidogo.

Mzee mmoja wa kisiwa cha Pate alikuja dukani kwa ajili ya pasipoti. Wanawe walikuwa wamemchangia nauli ya umra. Nilimuuliza mahali alipozaliwa. Akasema Rasini. Niliitafuta kwenye orodha nikijua haimo.

"Ami, hapa wanataka Faza."

"Faza ni ya serikali, mwanangu. Mimi nimezaliwa Rasini."

Nilimweleza kwamba nikiandika kitu kisichokuwamo mtambo utakataa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niandike wanavyotaka, ila yeye akiulizwa kwa mdomo atasema Rasini, na mimi niwe shahidi. Nikakubali kuwa shahidi.

Mji huo ulioko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Pate umepita katika kalamu nyingi. Wareno waliuandika Ampaza. Mwaka 1587 msafara wao uliotoka Goa uliushambulia, ukaubomoa na kumuua mtawala wake, kwa sababu mji ulikuwa umewaunga mkono Waturuki. Ramani za leo zinaandika Faza, na ofisi zote zinaandika Faza. Majina hayo mawili yameandikwa na watu waliouangalia mji kutoka merikebuni au mezani. Rasini limebaki kwa waliolala ndani yake. Halimo kwenye orodha za ofisi, na bado lina nguvu ya kumfanya mzee abishane na kompyuta. Nikisikia watu wakisema majina ya aina hii ni ya kienyeji tu, yatajifia yenyewe, humkumbuka mzee yule, na husikitika kwamba huenda wakawa na haki, kwa sababu kijana aliyemsindikiza, mjukuu wake, alikuwa ameshajibu "Faza" kabla babu hajafungua mdomo.

Kuna majina pia ambayo wenyewe hawakuyataka. Wabajuni sisi watu wa Amu tuliwaita Watikuu, na lugha yao Kitikuu. Mombasa na kwenda kusini waliitwa Wagunya, na vitabu vya wakati wa mkoloni vikalichukua hilo la Wagunya vikaliandika kana kwamba ndilo jina. Wenyewe walisema, na wanasema, Wabajuni. Hapa Malindi, ambako Wabajuni wengi wamejenga na kuvua kwa vizazi, nimelisikia neno Mgunya likirushwa sokoni mtu na muuza samaki wakigombania bei, na lilikuwa tusi. Nimelisikia pia likitumiwa na marafiki wawili wa utotoni, Mbajuni na Mgiriama, wakicheza bao, na halikuwa tusi. Sioni ugumu wa kuelewa jambo hilo. Aliyeruhusiwa ameruhusiwa, na ruhusa haitolewi kwa sababu umelisikia jina likitamkwa na mwengine. Mimi mwenyewe silitumii.

Jina la sifa la Amu ni Kiwa Ndeo, kisiwa chenye ndeo, yaani fahari inayokaribia majivuno, na Waamu hawajawahi kuona haya kuitwa hivyo. Lakini hulisikii jina hilo bandarini. Hakuna nahodha anayeita abiria wa Kiwa Ndeo. Ni jina la ushairi. Linatoka siku ya harusi kubwa, siku ya Maulidi, siku msemaji anapotaka kusimama juu ya kidole gumba cha mguu. Mombasa nayo ilikuwa na majina ya namna hii, na Muyaka bin Haji, malenga wake mkubwa wa karne ya 19, aliyatumia: Mvita, Gongwa, Kongowea. Angalia yalivyokwenda. Mvita leo ni eneo bunge, kwa hivyo hata mtu asiyejua shairi hata moja amelisoma kwenye karatasi ya kura. Kongowea ni soko kubwa upande wa bara, na mama mboga wa Malindi anayekwenda kuchukua viazi alfajiri hulitaja mara nyingi kuliko washairi wote. Gongwa limebaki vitabuni. Jina la sifa likipata ofisi au soko hupona. Kiwa Ndeo halijapata hata kimoja, na mimi ningefurahi sana mtu akiliweka hata kwenye shule ya chekechea.

Njia za Amu nazo zina majina ya aina mbili. Ile njia kuu inayopita katikati ya mji, kati ya maduka, Waamu waliiita Usita wa Mui, usita ukiwa njia na mui ukiwa mji kwa Kiamu. Baada ya uhuru ikapewa jina la Harambee Avenue. Ile ya ufukweni ikawa Kenyatta Road. Sikatai heshima kwa taifa, lakini sijamsikia mama yeyote akimtuma mtoto unga Harambee Avenue. Wanaolitumia ni wageni wenye ramani. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiulizwa na Mzungu iko wapi Harambee Avenue, naye kasimama juu yake, na sisi hatujui, kwa hivyo tulimpeleka Mkunguni, penye ule uwanja mbele ya ngome, kwa sababu kila kilichopotea Amu hupatikana Mkunguni. Ngome yenyewe ilikuwa gereza hadi 1984, na wazee bado wanasema fulani "alilala ngomeni" wakimaanisha alifungwa. Kijana aliyezaliwa baadaye anadhani walikuwa wakilala makumbusho.

Mji wetu umegawanyika Mkomani upande wa kaskazini, penye nyumba kongwe za mawe, na Langoni upande wa kusini, ulipo Msikiti wa Riyadha. Majina haya mawili si lakabu, lakini yanafanya kazi ya lakabu: ukimtajia Muamu mwenzako mtaa, ameshakisia ukoo, lafudhi na hata namna mnavyopika. Nyuma ya miji hiyo miwili, kupanda juu, mji umekua, na hapo ndipo majina mapya yalipozaliwa. Kuna Gadeni. Kuna Kashmiri. Kuna Kandahari. Kwangu haya ya mwisho ni majina ya taarifa ya habari. Watu waliyasikia redioni kila jioni, miji ya mbali yenye mizozo isiyokwisha, na yakahamia kwenye viwanja ambavyo havijapimwa na nyumba ambazo hazijapakwa chokaa. Hakuna kamati ya serikali iliyokaa kuyapitisha. Leo ni anwani. Mtu anapokea mzigo wake wa mtandaoni kwa jina la Kashmiri, na bodaboda, samahani, punda na mkokoteni, unafika bila kupotea.

Malindi nako ni vivyo hivyo. Tuna Kisumu Ndogo, na si sisi peke yetu. Kibera kule Nairobi wanayo yao. Mtu husikia jina hilo akadhani wenyeji wake wote ni Wajaluo. Wapo, na wapo Wagiriama, Wakamba na wengine wengi. Nimewauliza wateja wangu wa mtaa huo nani aliuita hivyo, na jibu lao limekuwa karibu lile lile, kwamba waliouita ni majirani. Mgeni anayehamia huwa hana haja ya kuupa mtaa jina la kwao. Yeye anajua aliko na anajua alikotoka. Jirani ndiye anayehitaji jina, ili aonyeshe kwa kidole. Baadaye watoto wanaozaliwa pale hulichukua na kulivaa, na linakuwa lao kweli kweli. Yule kijana wa Kisumu Ndogo asiyewahi kuliona ziwa la Kisumu ni wa Kisumu Ndogo kwa haki yake yote.

Majina mengine husafiri bila kuongezewa "ndogo". Unguja, Mji Mkongwe, karibu na bandari, pana mtaa unaoitwa Malindi. Na Malindi pana Shela, kama vile kisiwa cha Amu kilivyo na Shela, ile ya vilima vya mchanga. Mimi naishi Shela ya hapa. Nikipigiwa na mama nikamwambia niko Shela, furaha yake ya sekunde moja huniumiza, kwa sababu amedhani nimevuka, niko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni pake.

Ila jina la Malindi linalopendwa na magazeti ni Italia Ndogo. Hili nalipinga, na nitasema kwa nini.

Historia yake ni ya kweli. Kaskazini ya Malindi, Ngomeni, Waitaliano walijenga kituo cha San Marco, na kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo iliitwa Uhuru, kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri na ya kumbukumbu ya uhuru wetu. Waliokuja kwa kazi walifuatwa na waliokuja kwa bahari, wakajenga majumba na hoteli upande wa kusini wa mji. Vijana wa ufukweni walijifunza Kiitaliano bila darasa, na wanakizungumza vizuri kuliko ninavyozungumza Kiingereza. Watu wengi hapa wamesomeshwa na pesa hizo. Yote hayo nayajua na nayaheshimu.

Lakini panda tuktuk hapa mjini umwambie dereva akushushe Italia Ndogo. Hatajua akupeleke wapi. Mwambie Maweni, Muyeye, Barani, Ngala, atawasha chombo. Mama wa Muyeye anayefua nguo za watu haishi Italia, ndogo wala kubwa. Jina hilo linaitazama Malindi kutoka barazani pa hoteli, na linaishia pale macho yanapoishia. Mji huu ulimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498, na mwaka 1415 wajumbe wake walimfikisha twiga kwa mfalme wa China. Wareno waliuandika Melinde, Wachina wakaandika Malin. Hao wageni wa kale walipotosha tamko, lakini angalau walijaribu kulitamka jina letu.

Amu nayo imeitwa mengi na wageni. Miaka ya 1970, vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu walipokuwa wakitafuta pahali pa amani, waliiita Kathmandu ya Afrika. Jina hilo liliondoka nao. Siku hizi ni Kisiwa cha Punda, na kwenye fulana za watalii ni Lamu Tamu. Hilo la pili silichukii, lina kina chake na lina mahadhi ya Kiswahili, na vijana wanaotembeza wageni wanalipigia debe kwa moyo. La punda linanikera. Punda nawapenda, wamebeba mawe ya kila nyumba niliyolala, na wana hospitali yao mjini tangu 1987. Lakini mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 kwa nyumba zake, milango yake na Maulidi yake, mtu afike siku mbili aondoke akiukumbuka kwa mnyama aliyemzibia njia! Anayesema Kisiwa cha Punda amekaa pwani. Hajaingia ndani ya nyumba ya mtu.

Neno ambalo limenishughulisha zaidi ya yote katika kazi hii, hata hivyo, ni fupi kuliko lakabu zote: bara. Kwa Muamu, bara huanzia Mokowe. Ukishuka kwenye boti, ukakanyaga gati, uko bara, hata kama bado uko ndani ya Kaunti ya Lamu na mnazi ulio mbele yako ni wa ami yako. Kwa mtu wa Malindi, aliyezaliwa na kukulia nchi kavu, bara iko mbali zaidi, kupita Mariakani na Voi, njia ya Nairobi. Tanzania neno hilo ni rasmi, Tanzania Bara upande mmoja na Zanzibar upande mwengine. Kila mtu anaianza bara pale kwake panapoishia. Mtu wa Nakuru hajijui kuwa yeye ni mbara mpaka ashuke basi Malindi aambiwe.

Wazee wetu hawakulibuni bure neno hilo kama mpaka. Hadi 1963 ukanda wa maili 10 wa Pwani, pamoja na visiwa vya Lamu, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza, na kule ndani ndiko kulikoitwa koloni. Aliyekua wakati ule alijua kwamba bara ni nchi ya sheria nyengine. Mpaka huo ulifutwa, neno likabaki na kazi yake ya zamani. Na hapa nasema wazi kwamba tunalitumia vibaya. Mteja wangu mmoja, mwalimu, amezaliwa hapa hapa Malindi. Wazazi wake walitoka Machakos, ambako wenyewe hupaita Masaku. Anazungumza Kigiriama kinachonishinda mimi, amewazika wazazi wake hapa, na juzi nilimsikia muuza nyanya akimwita "yule mbara". Alicheka. Nilimtazama alivyocheka, na haikuwa furaha. Miaka mingapi mtu akae ndipo bara imtoke? Nimeuliza watu wengi wa kwetu swali hilo na sijapata hata mmoja aliyethubutu kutaja idadi.

Vijana wameamua kuyaruka yote haya kwa namba. Katiba ya 2010 iliziorodhesha kaunti 47, Mombasa ikawa 001, Kwale 002, Kilifi 003, Tana River 004, Lamu 005, na kutoka hapo hadi Nairobi, 047. Vijana wa Mombasa walianza kujipiga kifua kwa 001, na wengine wakafuata. Kwa Amu namba hiyo imekuwa na faida: 005 inamkusanya Muamu, Mbajuni, Mboni na mtoto wa Mpeketoni bila kumuuliza babu yake alitoka wapi. Nimeiona kwenye jezi za timu zenye wachezaji wa pande zote hizo. Malindi mambo si mepesi. Malindi ilikuwa wilaya kamili kabla ya katiba mpya, yenye mkuu wake wa wilaya, na sasa iko ndani ya Kilifi. Kijana wa hapa akiandika 003, wazee wa Barani huona amejiandika mtu wa Kilifi, na hawalipendi.

Sehemu nyengine za Kenya lakabu zimetoka kwenye Sheng na Kiingereza. Nairobi ni Nai, siku hizi Kanairo. Nakuru ni Nakuvegas. Eldoret ni Sisibo, yaani "sixty-four", kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba nambari 64. Zina uchangamfu wake, na anayezitumia ni kijana akizungumza na kijana. Sijui mzee wa Eldoret anayemwambia mkwewe karibu Sisibo. Watanzania wametushinda hapa, na nasema hivi kwa wivu safi. Morogoro ni mji kasoro bahari. Kigoma ni mwisho wa reli. Tanga ni waja leo, waondoka leo. Kila moja ni Kiswahili kitupu, na linaweza kusemwa na mtoto, mtangazaji wa mpira au shehe kwenye khutba. Hata Bongo, lililoanza kama jina la Dar es Salaam, mji wa kuishi kwa akili, limepanda likawa jina la nchi nzima, na huku Malindi mtu akisema amekwenda Bongo huenda hajafika Dar kabisa.

Nirudi kwenye fomu, maana ndiko ninakoshinda. Fomu nyingi za mtandaoni zina orodha za kuchagua, lakini mwisho wake mara nyingi huwa na nafasi moja iliyo wazi, ya kijiji au mtaa, ambapo unaweza kuandika utakalo. Zamani nilikuwa nairudia ile lokesheni hapo ili nimalize haraka. Sasa namuuliza mteja: kwenu wenyewe mnapaitaje? Wengine hushangaa kuulizwa. Kisha hutaja, nami naandika alivyotamka, Rasini ikiwa ni Rasini, Kashmiri ikiwa ni Kashmiri, na hadi leo sijarudishiwa fomu kwa sababu hiyo. Kando yangu nina daftari ninaloyaandika majina hayo, pamoja na nani kanitajia, mwenyeji au jirani, mzee au kijana. Upande wa Amu na Malindi limejaa vizuri. Upande wa Ndau, Kiwayuu na vijiji vya Waboni bado ni kurasa tupu, kwa sababu watu wa huko hawafiki dukani kwangu mara kwa mara. Kama wewe ni wa huko, au umeoa huko, niandikie mnavyopaita nyumbani, na unieleze wageni hupaita vipi.